Mahojiano huanza siku ya fomu ya kwanza

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka zangu mlioketi kule nyuma, ahsanteni kwa kuja na jua hili. Nimeombwa nizungumze juu ya viza ya Marekani kwa mtu ambaye mumewe au mkewe yuko kule. Mimi si wakili. Nimezaliwa Kisauni, nikaolewa hapa hapa Mombasa, nikangoja miezi kumi na tisa, kisha nikamfuata mume wangu Ohio. Tangu hapo kila nikija nyumbani nakaa na watu, mmoja mmoja, tunafungua bahasha zao na kuzitazama karatasi.

Wengi huja zikiwa zimebaki wiki mbili waende Nairobi kuhojiwa ubalozini, na swali lao ni moja: "Dada, wataniuliza nini?" Huwa nasikitika, kwa sababu wakati huo mahojiano yamekwisha kuanza kitambo. Yalianza siku ile ya fomu ya kwanza. Ofisa utakayemkuta dirishani ana faili lako mbele yake, na kazi yake kubwa ni kusikiliza kama mdomo wako na faili vinasema jambo moja.

Nieleze njia yenyewe upesi. Mwenzako aliyeko Marekani ndiye anayeanza, kwa ombi liitwalo I-130, analipeleka kwa idara ya uhamiaji, USCIS. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 625 kwa mtandao na 675 kwa karatasi. Pamoja nalo inakwenda fomu yako wewe, I-130A, yenye anwani zako zote na kazi zako zote za miaka 5 iliyopita. Likikubaliwa, faili linahamia kituo cha viza, NVC. Hapo kuna dola 325 za viza na dola 120 za karatasi za udhamini, na wewe unajaza fomu ya DS-260 kwenye mtandao. Vyeti vikikamilika unapewa tarehe ya ubalozi, Gigiri. Ada na masharti hubadilika, kwa hivyo kabla ya kulipa chochote fungua ukurasa wa ubalozi na wa USCIS usome mwenyewe, au umwambie mwanao akusomee. Usimlipe mtu anayesema ana mjomba wake ndani.

Sasa sikilizeni lililonipata mimi. Kabla sijaolewa nilifanya kazi Doha, kule Qatar, mwaka mmoja na miezi minne. Mume wangu alipojaza ile I-130A kwa niaba yangu, aliandika kuwa miaka yote 5 nilikuwa Kisauni kwa mama. Hakuwa na nia mbaya. Alijua kwetu ni Kisauni, akaandika Kisauni, akanitumia nitie sahihi, nami nikatia bila kusoma. Kwenye DS-260 nilijaza mwenyewe, na ile inataka kila mahali ulipoishi tangu ulipotimiza miaka 16, nikaandika Doha. Nilipofika dirishani, ofisa akaziweka karatasi mbili pamoja juu ya kioo, akaweka kidole hapa na kidole pale. "Bibi, mwaka huu ulikuwa wapi?" Nilijua jibu, lakini koo lilikauka. Nikasema ukweli. Akanijibu kwa upole kwamba kwa kuwa nilikaa nchi nyingine zaidi ya mwaka, nilitakiwa kuleta cheti cha polisi cha huko, na sikuwa nacho. Nikapewa karatasi ya 221(g), ile inayosema viza imesimama mpaka ulete kinachokosekana. Kukipata kile cheti kutoka Qatar kulinichukua miezi minne zaidi. Miezi minne ya kulala na simu kifuani, kwa sababu ya mstari mmoja ambao sikuusoma.

Humu ndani najua tupo wengi tuliofanya kazi Ughaibuni, Dubai, Jeddah, Muscat. Ukikaa nchi mwaka mzima au zaidi baada ya kutimiza miaka 16, anza kuutafuta mwenendo mwema wa kule, ndicho hicho cheti cha polisi, sasa hivi, usingoje tarehe. Wa hapa Kenya ni rahisi: unaomba kwenye mtandao wa serikali, eCitizen, unapigwa alama za vidole, idara ya upelelezi, DCI, wanautoa.

Naja kwenye jambo ambalo kwetu pwani ni zito kuliko yote, na ambalo mtu wa bara huenda asikuulize. Ni nikaha ya wakala. Bwana yuko Minneapolis, kazi haimruhusu kusafiri, mahari yametumwa, walii yupo, mashahidi wapo, anaweka wakili wa kuipokea nikaha badala yake, ndoa inafungwa msikitini, pilau linaliwa. Kwa dini ndoa imetimia, hilo halina shaka. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani, tangu ile ya 1952, inasema ndoa iliyofungwa bila wawili hao kuwa pamoja mbele ya mfungishaji haihesabiki kwao, mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya nikaha. Wazee mniwie radhi kulitaja hivi waziwazi, ila nimeshaona binti akilia kwa sababu hakuna aliyetaka kumtajia. Kuonana kabla ya nikaha hakusaidii. Kwa hivyo kama ndoa yenu ni ya wakala, bwana aje, mkae pamoja, ndipo apeleke ombi. Na atunze ushahidi wa safari: muhuri wa kuingia kwenye pasipoti, tiketi, risiti ya hoteli ya Malindi kama mlikwenda Malindi, picha mlizopigwa na jamaa nyumbani. Nikaha tarehe 3, muhuri wa pasipoti tarehe 20, basi mpangilio unaeleweka.

La pili linafanana na hilo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inakubali ndoa ya Kiislamu na ya kimila ya wake zaidi ya mmoja. Marekani hawaikubali. Bwana mwenye mke mwingine wa ndoa hawezi kumwombea wa pili, hata kama huyo wa kwanza yuko Lamu na hataki kwenda popote. Na kama mliachana na mwenzi wa awali, talaka iwe na karatasi ya Mahakama ya Kadhi. Barua ya shehe wa mtaa, au kauli ya "niliachwa mbele ya watu", haitoshi. Tena tarehe ya talaka itangulie tarehe ya ndoa mpya. Nimeona cheti cha ndoa cha mwezi Machi na talaka iliyosajiliwa Juni. Pale hakuna maneno ya kulitengeneza. Inabidi watu wafunge ndoa upya na waanze ombi upya, na ni heri kufanya hivyo kuliko kugusa tarehe kwa kalamu. Karatasi ya kughushi ikigundulika inaweza kukufungia mlango kwa maisha yako yote. Vivyo hivyo ndoa ya kutafutia viza: ikithibitika, sheria yao haiwaruhusu kukubali ombi lako lolote la baadaye, hata ukiolewa kweli siku moja.

Watoto. Mama mwenye mtoto wa ndoa ya kwanza, nisikilize. Kama mume ni raia wa Marekani, mtoto haendi kwa ombi lako. Anahitaji I-130 yake mwenyewe, na ndoa yenu iwe ilifungwa mtoto hajatimiza miaka 18. Kama mume ana grini kadi tu, yaani kibali cha kuishi kule bila kuwa raia, mtoto anaweza kuingia chini ya ombi lako, ila foleni yenyewe inategemea taarifa ya kila mwezi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao. Sasa tazama: mume wa grini kadi akipata uraia katikati ya safari, wewe unatoka kwenye foleni, ni furaha, lakini mtoto naye anatoka kwenye ombi lako. Siku hiyo hiyo apelekewe ombi lake. Na usimfiche mtoto uliyemzaa kabla ya ndoa kwa kuona aibu. Mtaje kwenye kila fomu.

Udhamini sitaukalia. Bwana anajaza I-864, na kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao kwa idadi ya watu wa nyumba yake, wewe ukiwemo. Kisipofika, atafute mdhamini mwenza anayeishi kule.

Vipimo vya afya hufanywa kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi peke yake. Nenda na kadi yako ya chanjo. Majina nayo: kama cheti cha kuzaliwa ni Fatuma na kitambulisho ni Fatma, usiseme "ni kitu kimoja hicho". Lishughulikie mapema kwa hati ya kiapo.

Haya, siku yenyewe. Lala Nairobi usiku wa kuamkia. Asubuhi utakaguliwa, utachukuliwa alama za vidole, utaketi, na ukiitwa utainua mkono wa kulia uape kwamba utasema kweli. Kuna kioo kati yenu, unaongea kwa kipaza sauti, na watu wa nyuma wanasikia kidogo. Zungumza kwa lugha unayoimudu. Kama Kiingereza kinakukwaza, sema mapema kwamba unataka Kiswahili.

Kuna binti nilikaa naye mwaka fulani, alikuwa na daftari lenye maswali sitini na majibu yake, kayakariri kama alivyokariri juzuu ya Amma. Rangi ya mlango wa nyumba ya mumewe, jina la bosi wake, kila kitu. Ofisa akamuuliza: "Mara ya mwisho mlipozungumza mlisema nini?" Halikuwamo daftarini. Akajibu, "Tulizungumza mapenzi yetu." Ofisa akamtazama tu. Kumbe usiku ule waligombana mpaka simu ikakatwa, kwa sababu mume alikuwa amemkaribisha ndugu yake aje kukaa nao kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala, bila kumuuliza mkewe. Binti aliona kutaja ugomvi ni kujiharibia. Ofisa akarudia swali lile lile, taratibu. Ndipo akalitoa lote: ndugu, chumba, godoro la sebuleni, na jinsi alivyomwambia mumewe, "Mimi siji kuvaa buibui ndani ya nyumba yangu." Ofisa alimwacha amalize, akauliza mawili matatu mengine, akamwambia viza yake imekubaliwa. Mke wa kweli huwa na ugomvi wa kweli, na haufanani na wa mtu mwingine.

Kwa hivyo hilo daftari liacheni. Badala yake, wiki moja kabla, pigianeni simu na nakala za fomu zote mkononi, msome pamoja mstari kwa mstari kuanzia I-130. Hapo ndipo mtakapokuta Doha yenu. Ukikuta kosa, mwambie ofisa mwenyewe kabla hajakuuliza: "Hapa tulikosea, sahihi ni hivi." Usichokijua, sema hukijui. Na ukiulizwa mahari yalikuwa kiasi gani, taja kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye cheti.

Ukipewa viza, tazama tarehe ya mwisho; nyingi hazizidi miezi 6, na zinaweza kufupishwa na vipimo vya afya. Kuna dola 235 za USCIS za kutengenezewa grini kadi, ambazo wanashauri ulipe kabla ya kupanda ndege. Siku utakayotua, ikiwa ndoa yenu haijatimiza miaka 2, grini kadi yako itakuwa ya miaka 2, na ndani ya siku 90 za mwisho wake mtapeleka pamoja fomu ya I-751, ya kuomba ukomo huo uondolewe. Ikiwa imetimiza, utapata ya miaka 10. Inahesabiwa siku ya kutua, siyo ya mahojiano. Mtu aliyebakisha wiki tatu kufikisha miaka 2, na viza yake bado ina muda, mimi humwambia angoje hizo wiki tatu nyumbani kwa mama yake.

Nitakaa pale karibu na mlango mpaka magharibi. Mwenye bahasha yake aje nayo, na mwenye ndoa ya wakala aanze.