Gunia, Gundi na Gauguin: Tumchore Mchuma Tunda

Haya wapenzi, karibuni. Leo tunachora juu ya gunia. Ndiyo, lile lile la viazi.

Msinicheke. Gauguin, yule mchoraji Mfaransa, alipokuwa kisiwani Tahiti, mwaka 1897 kuingia 1898, ile picha yake kubwa ya “Tumetoka wapi? Sisi ni nani? Tunakwenda wapi?” aliichora juu ya kitambaa cha kigunia kinachokwaruza, upana karibu mita 3.75. Sasa iko Boston. Inasomwa kulia kwenda kushoto, kama juzuu: kitoto kulia, bibi kizee kushoto. Sisi tunamchukua yule wa katikati tu, anayechuma tunda.

Gunia nimeshalifua, nimelivuta kwenye fremu, nimelipiga stepla. Twende.

Gundi sasa. Hapa acheni simu nyingine. Gundi nyeupe ya mbao, maji kiasi hicho hicho, koroga. Paka mbele, paka nyuma, acha ikauke. Ikauke! Mara ya kwanza nilikuwa na haraka: rangi ikapenya kila tundu, ikaenda kuchora meza ya mama. Hadi leo doa lipo, na kila mgeni anaonyeshwa. Weka kiganja. Kikinata, nenda kapike wali, urudi.

Juu yake rangi nyeupe ya ukuta, nyepesi tu. Nyuzi za gunia zionekane, ndiyo raha yenyewe.

Mistari: bluu nzito, sio nyeusi. Nyeusi mimi naona inaua picha. Kisha bluu na kijani vya nyuma, halafu mwili, njano iliyoingia chungwa. Laza rangi bapa, usiisugue sugue kutafuta kivuli...

Ngoja. Ngoja, mnaona hapo gotini? Inachuruzika! Nimegusa nyuma, kumbe bado mbichi. Jamani. Mimi ninayewapigia kelele! Leteni kitambaa. Sikati hii, ibaki mwone. Gundi ikauke, nimesema mara ngapi?

Haya, kesho yake hii. Limekauka kweli, nimepaka upya.

Mwisho, pembe mbili za juu, njano kali. Gauguin alitaka ionekane kama picha ya ukutani iliyobanduka pembe, ukuta wenyewe wa dhahabu. Kushoto akaandika maswali yake, kulia jina lake. Mimi kulia naweka jina. Kushoto naweka bei, na fremu zilizokwisha pakwa gundi ninazo, zimekauka.