Januari Kule Amani: Ndege na Njia za Usambara Mashariki

HOZA: Karibu msikilizaji. Mimi Hoza, niko na dada Zaina. Leo tunapanda Usambara Mashariki, msitu wa Amani, juu ya Muheza.

ZAINA: Na tunapanda Januari, kaka Hoza, kwa makusudi. Vuli imekatika, masika bado, njia zinapitika. Huku Tanga mtu anatoka jasho hata usiku, kule kwenye mita kama 900 asubuhi unatafuta sweta.

HOZA: Wengi hupenda kwenda Juni au Julai.

ZAINA: Kwa kutembea tu, sawa. Kwa ndege, mimi nasema kiangazi. Wakati wa kipupwe, baadhi ya ndege wa juu hushuka misitu ya chini kukimbia baridi. Msimu huu wa joto ndio wanataga, wanalisha makinda, wanagombea mipaka. Wanaimba! Na ndege wa msituni usipomsikia, basi na kumwona usahau.

HOZA: Hapo ndipo wageni hukata tamaa. Mtu kazoea Mikumi: tai katua juu ya mti mkavu, yeye yumo garini, anapiga picha.

ZAINA: Msituni unasimama. Robo saa, hapo hapo, mdomo umefungwa. Mwanzoni utadhani hakuna kitu. Mara kundi linaingia, ndege wa aina nyingi kwa pamoja: kigong'ota anagonga gome, chozi yuko kwenye maua, shore wanapekua chini ya majani. Kila mmoja na sehemu yake ya kutafuta wadudu. Dakika chache, wamepita wote.

HOZA: Na siafu je?

ZAINA: Siafu ni bahati! Ukiona msafara wao, rudi hatua kadhaa, chomeka suruali kwenye soksi, tulia. Panzi na buibui wanaruka kujiokoa, na ndege wanawangoja. Yupo mmoja mgongo wa kahawia, kifua cheupe kama kanzu ya Ijumaa. Anang'ang'ania kijiti cha chini, usawa wa goti lako, anainamisha kichwa upande. Anashuka, anadaka panzi, anarudi pale pale. Siafu wenyewe hawagusi.

HOZA: Mimi nampenda yule mdogo mwenye mdomo mrefu, anayeshona majani kutengeneza kiota.

ZAINA: Huyo watu wanavuka bahari kumfuata. Yuko hapa Usambara Mashariki, na jamaa zake wako mbali sana, uwanda wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji. Basi. Yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Uzuri ni kwamba si lazima uingie ndani sana kumtafuta: anakaa kwenye mitambaazi, pembeni mwa msitu na kwenye mianya. Unaweza kumsikia ukiwa karibu na majengo ya zamani ya utafiti, yale yaliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

HOZA: Jina lake la kisayansi lina Moreau ndani yake.

ZAINA: Ndiyo, Reginald Moreau, Mwingereza aliyeanza kazi Amani mwaka 1928. Mwaka 1944 akachapisha utafiti uliosomwa duniani kote, kwamba ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache kuliko wenzao wa Ulaya. Lakini tumtaje na Salimu Asmani, Mtanganyika aliyefanya naye kazi, mtu aliyewajua ndege wa milima hii kwa sauti na kwa viota vyao. Natamani kila mtoto wa Muheza alijue jina hilo kabla ya la Moreau.

HOZA: Naam. Na msitu wenyewe una hali gani?

ZAINA: Tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Lakini kuna musizi, mti mgeni ulioletwa kupandwa, sasa unasambaa wenyewe. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanabeba mbegu mpaka ndani kabisa. Hapo unafanyaje? Huwezi kumlaumu ndege kwa kula.

HOZA: Kwa anayefunga safari wiki hii?

ZAINA: Darubini, viatu vya kushika tope, koti la mvua hata jua likiwaka. Chukua mwongozaji mwenyeji, kwa kuwa sikio lake limekulia humo. Na tafadhali, usimpigie ndege sauti ya mwenzake kwenye simu ili atoke.

HOZA: Wengi wanafanya hivyo.

ZAINA: Wanafanya, na mimi inaniuma. Huu ndio msimu wa viota. Anadhani ameingiliwa, anaacha mayai, anatoka kupigana na simu. Msubiri. Akitoka, atoke kwa hiari yake.