Saa ya Kununua, Santuri ya Kuuza: Kazi ya Li'l Wally katika Polka ya Chicago

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo namzungumzia Walter Jagiello, ambaye wapenzi wa Marekani wa polka, muziki wa dansi wenye asili ya Ulaya ya Kati, walimwita Li'l Wally. Alizaliwa Chicago mwaka 1930 katika jamii ya Wapolandi, akaanza kuimba kwenye baa za Mtaa wa Division angali mtoto. Noti hakusoma. Alipiga ngoma na konsetina, ala ya mivukuto inayofanana na akodioni, akaimba kwa Kipolandi. Mwaka 1951 alianzisha lebo yake mwenyewe, yaani kampuni ya kutoa santuri, Jay Jay Records, na alikuwa pia na kipindi redioni. Wengi humsifu kwa sauti yake. Mimi namheshimu zaidi kwa kuishika njia nzima, kutoka ukumbi wa dansi hadi duka la santuri.

Redio kwanza. Stesheni ndogo za Chicago, kama WSBC na WOPA, ziliwauzia muda watangazaji wa lugha za wahamiaji. Katika utaratibu huo mtangazaji haajiriwi. Ananunua saa yake, kisha anazunguka mwenyewe kwa muuza soseji, kwa mwenye duka la samani, kwa mwenye nyumba ya mazishi, akiwauzia matangazo. Kinachobaki baada ya kuilipa stesheni ndicho riziki yake. Mdhamini mmoja akijitoa, pengo analiziba kwa fedha zake. Ndiyo maana kipindi hutangaza pia dansi za Jumamosi na kusoma salamu na maombi ya nyimbo; wasikilizaji wa vipindi vya salamu vya huku kwetu wataelewa mara moja. Na mwenye lebo ana faida moja kubwa: maombi hayo humwonyesha ni santuri ipi achapishe tena.

Sasa santuri yenyewe, maana hapa ndipo fedha hupotea. Sauti hunaswa kwenye mkanda, huchongwa kwenye sahani laini ya lakeri, sahani hiyo hupakwa chuma, na kutokana na chuma hicho hupatikana mihuri ya kukandamizia plastiki. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba vizuri dakika 3 hivi kila upande. Ukilazimisha 5, mifereji inayofuatwa na sindano hubanana na sauti hushuka. Kwenye mashine ya baa ya kupiga santuri kwa sarafu wimbo wako utasikika dhaifu kuliko wa jirani. Basi polka inayochezwa ukumbini kwa muda mrefu lazima ikatwe: utangulizi mfupi, beti mbili, ala, kiitikio, basi.

Ngoma kubwa ikizidi, mfereji huyumba hadi kugusa wa pili yake, na sindano huruka. Dawa ni kuisogeza nyuma, kuifunika blanketi, na kupunguza besi wakati wa kuchonga. Mpiga ngoma anayeimba ni mtihani mwingine, kwani ngoma huingia kwenye kipaza sauti chake. Konsetina nayo ina sauti nene mkono wa kushoto na nyembamba kulia. Ukiweka kipaza sauti upande mmoja, nusu ya ala imepotea. Tena usikisogeze karibu mno, utanasa pumzi za mivukuto. Na santuri ya majaribio isikilizeni kwenye noti ndefu ya konsetina: tundu la katikati likiwa pembeni kidogo tu, noti hiyo hupanda na kushuka kila mzunguko.

Li'l Wally alipunguza kasi. Bendi za polka za mashariki ya Marekani zilipiga kwa kasi. Yeye aliwaachia wachezaji nafasi ya kuruka na maneno nafasi ya kusikika. Mwaka 1959 alishiriki kutunga wimbo wa timu ya besiboli ya White Sox, uliofufuliwa 2005. Mwaka 1969 yeye na Frankie Yankovic, mpiga akodioni maarufu wa polka, wakawa wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la polka. Kabla ya hapo, mwaka 1963, kijana mwingine wa Chicago, Eddie Blazonczyk, alikuwa ameshafungua lebo yake, Bel-Aire, kwa njia hiyohiyo.