Shokapu Kwanza: Gari Ishike Kona Bila Kukuumiza Kiuno

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, niko na fundi Salim kama kawaida. Fundi, leo naomba tuanze na Toyota Premio yangu, maana imenifundisha mengi kuhusu saspensheni, yaani springi, shokapu na vyote vinavyoshikilia magurudumu.

SALIM: Waeleze dada, ulianzaje. Wengi wako hapo hapo ulipokuwa.

REHEMA: Gari ilikuwa inakwangua tumbo kwenye matuta. Gereji niliyopita kwanza wakaniwekea spesa, vile vipande vya kunyanyua bodi, juu ya shokapu za mbele, na nyuma wakapachika raba katikati ya pete za springi. Siku hiyo nilifurahi, tuta la mtaani kwetu nilipita bila kusikia hata mkwaruzo. Wiki iliyofuata naenda Morogoro. Karibu na Chalinze nikapishana na lori, upepo wake ukaitupa gari pembeni, nikashika usukani kwa nguvu zote. Na kila tukikuta rasta, watoto nyuma wanalalamika wanagongwa. Gari imekuwa ngumu, na bado inayumba!

SALIM: Sasa hapo ndipo nataka watu wasikilize. Tunaamini kwamba gari ikishika kona lazima iwe ngumu, na ikiwa laini lazima iyumbe. Yako ilikuwa na ubaya wa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Springi kazi yake kubeba. Shokapu kazi yake kuituliza springi ikishabonyea. Ile raba iliziba nafasi kati ya pete. Chukua springi yenye pete sita zinazofanya kazi, ziba moja, zinabaki tano, ugumu umepanda kwa asilimia 20. Na shokapu zako zilikuwa zile zile zilizokuja na gari kutoka Japani, zimechoka. Shokapu iliyochoka umeiongezea springi yenye nguvu zaidi, itaituliza vipi?

REHEMA: Na spesa za mbele?

SALIM: Zimenyanyua bodi, basi. Shokapu yenyewe haikurefuka hata milimita moja. Uzito umekwenda juu, kwa hiyo kwenye kona gari inalala zaidi. Ami za chini, yale mapande ya chuma yanayoshika gurudumu, zimeinama, matairi yamebadilika pembe, na eksele inazunguka ikiwa imepinda muda wote. Ule mpira wa sivijointi, jointi ya mwisho wa eksele, ulichanika kwa sababu hiyo.

REHEMA: Mimi nilikuja kwako nikijua utaniambia ninunue springi za kisasa. Wewe ukachukua nondo.

SALIM: Nondo ndiyo kipimo cha kwanza! Niliiingiza kwenye ami, nikasukuma kidogo tu, ukaona ami inasogea. Bushi ni raba yenye chuma inayoiunga ami na bodi, na raba yako ilikuwa imeachana na chuma. Gari ya namna hiyo, tairi linajiamulia pa kuelekea, hata ungefunga shokapu za bei gani.

REHEMA: Halafu ile stopa. Tulipofungua shokapu, ulishika kile kiraba cha njano kwenye fimbo yake, kikageuka unga mkononi.

SALIM: Kile kidogo watu wanakidharau. Stopa ni springi ya mwisho, inapokea pale shokapu inapofika chini kabisa. Ikiisha, chuma kinapiga chuma. Ukinunua shokapu mpya, nunua na stopa, na kifuniko chake cha vumbi, na mauntingi ya juu, kile kinachoishika shokapu kwenye bodi. Usirudishie mzee kwenye kijana.

REHEMA: Kuna kitu ulifanya siku ile kilinishangaza. Ulifunga bushi mpya, bolti ukaziacha zimelegea, ukashusha gari chini, ndipo ukaingia uvunguni kukaza.

SALIM: Hapo ndipo bushi nyingi zinafia. Bushi ya raba haizunguki, inajipinda. Ukiikaza gari ikiwa imening'inia kwenye jeki, umeikaza ikiwa katika pembe ya kuning'inia. Ukishusha gari, raba inabaki imesokotwa siku zote, inavuta gari, na miezi michache imekatika. Magurudumu yabebe uzito kwanza, kisha kaza. Nawaomba madereva, siku ya kazi hiyo kaa pale gereji, uone kwa macho yako.

REHEMA: Haya, bushi zimekaa. Shokapu unachaguaje?

SALIM: Kama springi ni za kiwandani na hazijalegea, mimi sizigusi. Pesa yote kwenye shokapu. Kwa gari ya familia, KYB Excel-G inakurudishia gari kama ilivyotoka kiwandani, na ndizo tulizokufungia zote nne. Anayetaka kushika kona zaidi, Bilstein wana B6, yenye nguvu kuliko ya kiwandani lakini imeundwa kwa springi za urefu wa kawaida. B8 ni fupi, ya gari iliyoshushwa, kwa barabara zetu siipendekezi. Na B4 ni ya kurudisha hali ya kawaida.

REHEMA: Mtu akisikia shokapu yenye nguvu zaidi anadhani ni ugumu ule ule.

SALIM: Hapana, si ule ule. Springi ngumu inakupiga kila shimo. Shokapu nzuri inaizuia bodi isiendelee kudunda baada ya shimo. Utahisi barabara zaidi, ndiyo, lakini gari inapiga mara moja na kutulia, na hiyo haichoshi mwili safari ndefu. Unakumbuka Peugeot 504? Wazee wetu wanaisifu mpaka leo. Ilikuwa laini, springi zake zina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu zinazoweza kuzimudu. Gari hiyo hiyo laini ndiyo dereva Msweden Ove Andersson aliyoshindia Safari Rally mwaka 1975. Kwa hiyo ile nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka ndiyo mali. Mtu akikata springi ili gari ishuke, anaitupa nafasi hiyo.

REHEMA: Na stebilaiza, ile nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia?

SALIM: Inakuja baada ya shokapu. Uzuri wake, magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja, yenyewe inazunguka tu, haikusumbui. Inafanya kazi gari ikilala kwenye kona. Ila usizidishe: kutoka milimita 22 kwenda 24 ugumu unapanda kama asilimia 40, na shimo la upande mmoja utalisikia pande zote. Badilisha kwanza linki, vile vijiti vinavyoishika kwenye magurudumu, na bushi zake, mara nyingi inatosha.

REHEMA: Tumalize na msikilizaji wetu wa Nakuru. Ana Toyota Mark X, amekata springi, ameweka rimu za inchi 19, tairi 225/40. Anasema gari inaruka kwenye kona zenye viraka, anauliza anunue shokapu gani.

SALIM: Asinunue bado. Tairi ya 215/60 kwenye rimu 16, ambayo Mark X nyingi zimekuja nayo, ina ukuta wa milimita 129. Hiyo yake ina 90. Ameondoa karibu sentimita nne za raba, na kwenye springi ameondoa nafasi nyingine. Gurudumu halina pa kwenda, linaruka. Atafute springi za kiwandani na rimu 16 au 17, ajaze upepo kulingana na stika ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ikiwa imeandikwa 220 kPa, hiyo ni PSI 32, asimruhusu mtu ajaze 40. Apige alaimenti, yaani pembe za matairi zinyooshwe, aendeshe wiki mbili kwenye kona zile zile. Kama bado inadunda, anitumie ujumbe, hapo ndipo tutazungumza B6.