Kimya Kinachotuponza: Mawasiliano na Wafanyakazi Walio Mbali

Mwenyekiti wa kikao, wasimamizi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mawasiliano na wafanyakazi ambao hatukai nao ofisi moja. Wengi tulio humu ndani tuko Dar es Salaam, na watu wetu wako Kigoma, Mtwara, Kigali, Bukavu. Programu ipi ya mikutano ni bora kuliko nyingine, hilo nawaachia watu wa TEHAMA. Mimi nitazungumzia kimya, maana kazi ya mbali huharibikia hapo: hakuna aliyesema kitu, na msimamizi akaamini mambo ni shwari.

Kipo kisa ambacho wahusika wenyewe walikiandika hadharani. GitLab ni kampuni ya mifumo ambayo waandishi wa programu duniani hutumia kuhifadhi kazi zao na kushirikiana. Watu wake hufanyia kazi majumbani mwao, kila mmoja nchi yake. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wao mmoja aliyekuwa Uholanzi alikuwa akihangaika na hifadhidata iliyoelemewa. Usiku ulikuwa umeenda, na alikwisha kuwaambia wenzake kwamba anataka kufunga kazi, mara tatizo jingine likaibuka. Akakusudia kufuta mafaili kwenye seva ya akiba, yaani kompyuta inayobeba nakala ya data, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kusitisha amri. Katika gigabaiti karibu 300, zilikuwa zimebaki 4.5.

Mtu atauliza, nakala rudufu hazikuwepo? Walikuwa wameweka njia tano za kulinda data, na usiku ule wakakuta hakuna hata moja ya kutegemewa. Mojawapo ilikuwa nakala ya kila siku. Ilikuwa haifanikiwi kwa sababu toleo la programu iliyotumika halikulingana na lile la hifadhidata. Hapa naomba tutulie kidogo. Kila nakala iliposhindikana, mfumo ulituma barua pepe kusema kwamba imeshindikana. Barua hizo zikakataliwa zilikokwenda, kwa kuwa hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa. Taarifa mbaya ilitumwa, haikufika, na kwa kuwa haikufika watu waliendelea na kazi wakiamini nakala zipo. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo fundi yuleyule aliichukua kwa mkono saa kama sita kabla, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya wateja ya saa hizo sita ilipotea.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nadhani msimamizi wa watu walio mbali ana haja ya kuukumbuka usemi huo kuliko msimamizi mwingine yeyote. Ukiwa ofisi moja na mtu, unamwona. Anaingia amenuna, anakaa mbele ya kompyuta nusu saa bila kugusa kitu, unamuuliza kulikoni. Aliyeko Kasulu unamwona kupitia maneno yake tu.

Na kwetu, kinachozuia taarifa mbaya ni adabu na hofu. Hebu tuangalie grupu la WhatsApp la kazi, ambalo kila mmoja wetu analo. Saa mbili usiku msimamizi anaandika: "Jamani, ile ripoti ya visima ni muhimu sana ikamilike mapema." Majibu yanamiminika. "Sawa mkuu." "Pamoja sana mkuu." "Imepokelewa." Mmoja anaweka dole gumba. Tiki zote za bluu. Msimamizi analala usingizi mzuri.

Lakini ni ripoti ipi, ya Aprili au ya robo mwaka? Mapema ni lini? Anaiandika nani? Watu wanne wamesema sawa, na inawezekana kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwandishi. Tena yumo kijana mle anayejua kwamba visima viwili havijapimwa kwa sababu pikipiki ya ofisi imeharibika. Atamwambiaje mkuu, mbele ya watu 30, kwamba haiwezekani? Anajibu sawa. Kisha anamwandikia rafiki yake pembeni: "Huyu mzee hajui hali ilivyo huku." Ile "sawa" ni heshima aliyofundishwa nyumbani, na msimamizi akiihesabu kuwa ni taarifa ya kazi, kosa ni la msimamizi.

Kwa hiyo acheni kuuliza "mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu. Ulizeni "utaanza na nini kesho?" au "unaona nini kinaweza kukukwamisha?" Mtu hawezi kujibu sawa kwa swali la namna hiyo. Na maagizo yawe na mtu, kitu na siku. Tuseme mhusika ni Neema: "Dada Neema, naomba ripoti ya visima ya Aprili, Ijumaa saa 9 alasiri. Vipimo utapewa na Juma kabla ya Jumatano jioni. Visipofika siku hiyo nipigie, usisubiri Ijumaa." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Imempa ruhusa ya kuleta habari mbaya, na imempa siku ya kuileta.

Akiileta, je? Neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama ataleta nyingine. Ukianza na "kwa nini hukusema mapema?", wote waliomo kwenye grupu wamejifunza kunyamaza. Anza na "ahsante kwa kuniambia", halafu uliza maswali yako yote, hata yale magumu. GitLab walifungua hati yao ya uokoaji kila mtu duniani aisome, wakarusha kazi moja kwa moja kwenye YouTube, na ripoti yao rasmi haikutaja jina la fundi. Fundi anayeona hayo atasema ukweli siku atakapokosea tena.

Ujumbe wa sauti nao una mahali pake. Mtu akifiwa mpigie simu, asikie sauti yako. Usimtumie picha ya mshumaa. Kumweleza mtu jambo refu, sauti inafaa. Lakini uamuzi uandikwe. Ujumbe wa sauti wa dakika sita unasikilizwa ndani ya daladala, nusu unamezwa na kelele, na baada ya wiki mbili hakuna anayeweza kuutafuta. Mkishakubaliana kwa simu, mmoja aandike mistari mitatu ya mlichokubaliana na kuiweka mahali ambapo hata asiyekuwepo ataiona.

Saa pia zinatuponza. Ukiandika "kikao saa 3", kalenda ya simu inasema 09:00, na yupo atakayeona 9 akajiandaa kwa saa tisa alasiri. Kigali, Bujumbura na Bukavu wako nyuma yetu kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili. Andika hivi: Jumanne, saa 3:00 asubuhi Dar (09:00), saa 2:00 asubuhi Kigali (08:00). Ni mstari mmoja tu.

Kuhusu kamera: anayewalazimisha wafanyakazi kuwasha kamera kikao kizima awalipie bando. Video inakula data, na kijana anayejinunulia bando mwenyewe atatafuta kila sababu ya kukosa kikao chako. Washeni kusalimiana, kisha mzime.

Halafu kuna siku mtandao unaondoka wenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote. Mkubaliane leo: mtandao ukikata, nani anampigia nani kwa simu ya kawaida, saa ngapi, na kazi gani inaendelea bila kusubiri ruhusa. Namba ziandikwe kwenye karatasi.

Dada aliyekaa nyuma ameniletea swali: nisipowafuatilia kila saa nitajuaje kama wanafanya kazi? Dada yangu, kuuliza "uko wapi?" kila saa kutakufundisha tu nani ana simu mkononi. Tazama kilicholetwa siku mliyokubaliana. Halafu mpigie kila mmoja mara moja kwa wiki, robo saa, na usianze na ripoti. Anza na hali yake, safari za vijijini, vifaa, kisha muulize ni jambo gani angependa ulijue ambalo halijaandikwa popote. Mkiwa wengi, viongozi wa maeneo wapige kwa watu wao na wewe upige kwa viongozi, lakini kila mwezi chagua wawili watatu wa chini kabisa uongee nao mwenyewe. Wiki za kwanza watakujibu "kwema tu mkuu". Endelea kupiga.