Majina Niliyoyakuta Accra

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie vijana, marahaba. Najua mlikuwa mnajiandaa kuniamkia.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya Accra ya zamani, kwa kuwa niliishi kule kuanzia Septemba 1978 mpaka mwishoni mwa 1979. Nilipelekwa Legon, Chuo Kikuu cha Ghana, kwenye ile taasisi ya masomo ya idadi ya watu iliyoanzishwa mwaka 1972 na Umoja wa Mataifa pamoja na serikali ya Ghana. Ilikuwa inasomesha watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mimi nilikuwa karani wa takwimu, kijana wa Tanga, natumwa nikajifunze kuhesabu watu. Kuhesabu nilijifunza, na ndiko kulikonilisha mpaka nikastaafu. Lakini mkiniamsha usiku wa manane mniulize Accra ilikuwaje, sitawatajia hesabu hata moja. Nitawatajia majina. Watu wa mji ule hawakuruhusu kitu kipite barabarani bila kukibatiza.

Walianza na mimi mwenyewe. Wiki ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa anauza kenkey karibu na njia panda ya Okponglo aliniuliza jina. Nikamwambia Jumanne. Jumanne maana yake nini? Nikamweleza, ni siku niliyozaliwa. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Nimesafiri kutoka bahari moja mpaka nyingine nikidhani nimefika ugenini, kumbe nimefika kwa watu ambao kila mtoto anazaliwa na jina la siku yake: Ijumaa ni Kofi, Jumamosi ni Kwame, na mtoto wa kiume wa Jumanne ni Kwabena. Tangu asubuhi ile nikawa Kwabena. Huku kwetu jina langu watu huliona la shamba kidogo, msikatae. Kule marais walikuwa na majina ya namna hiyo.

Sasa kenkey yenyewe. Ni unga wa mahindi uliolowekwa na kuchachushwa siku kadhaa. Nusu unapikwa, unachanganywa na nusu mbichi, halafu tonge linafungwa kwa maganda ya mahindi na kuchemshwa. Mtu wa ugali akiionja mara ya kwanza anadhani imechacha. Na kweli imechacha, ndivyo ilivyokusudiwa. Inaliwa na samaki wa kukaanga na pilipili iliyosagwa mbichi kwenye bakuli la udongo lenye mikwaruzo ndani, pamoja na shito, ile pilipili nyeusi ya kukaangwa na dagaa na kamba wakavu. Siku tatu nilikula kwa adabu tu. Siku ya nne nilikula kwa njaa. Baada ya mwezi nilikuwa nabishana na wenyeji kama ya Waga, wenyeji wa Accra, ya maganda ya mahindi, ni bora kuliko ya Wafante, ambayo hufungwa kwa majani ya mgomba. Asubuhi nilikuwa nashuka Nima, mtaa wenye Waislamu wengi kutoka kaskazini, nikanywe uji wa mtama wenye tangawizi kwa koose. Mtoto wa Tanga akiiona koose haulizi ni nini. Ni bajia za kunde, hizi hizi. Wengine wanne niliosoma nao walikuwa wanalia kukumbuka chakula cha kwao. Mimi nilikuwa nakumbuka wanawake wa bajia wa Ngamiani, kwetu Tanga, nikatulia.

Kwenda mjini tulipanda trotro. Hapa vijana sikilizeni, maana hili nimelirudia mara nyingi na watu wanadhani natania. Tro ni neno la Kiga la senti tatu za zamani, peni tatu za mkoloni. Ndiyo ilikuwa nauli, na nauli ikawa jina la gari. Wakenya wana matatu, na asili yake ni mapeni matatu, senti thelathini. Sisi nauli ya gari za watu binafsi ilipokuwa shilingi tano, dala, tukapata daladala. Miji mitatu, hakuna kikao kilichokaa. Abiria anayebana sarafu mkononi akingoja gari huwa anafikiri namna moja, na sarafu ile ilishapotea mifukoni lakini jina liko.

Trotro nyingi za wakati ule zilikuwa malori ya Bedford yenye bodi ya mbao iliyochongwa palepale nchini, mabenchi ndani, na turubai pembeni la kuteremsha mvua ikinyesha. Waliowahi kupanda chai maharage ya Dar es Salaam wanaelewa viuno vyetu viliipata vipi. Utingo ananing'inia nyuma akiita "'Kra, 'Kra, 'Kra!", yaani Accra, kana kwamba anafukuza kunguru. Na kila gari lilikuwa na maneno juu ya kioo. Bahari haikauki. Maskini hana rafiki. "Obra ye ko", maisha ni vita. Mwenye gari alikuwa anachagua maneno yake kwa uzito ule ule ambao mama zetu wanachagulia kanga, na watu hawakusema wamepanda gari namba fulani. Walisema wamekuja na Bahari Haikauki, imeharibika pale 37.

37 ni kituo, kimepata jina kutokana na hospitali ya jeshi iliyokuwa na namba hiyo wakati wa vita vya pili vya dunia. Kwenye miti yake wanakaa popo, si mia wala mia mbili, miti inakuwa myeusi. Wenyeji wanasema chifu mmoja aliletwa pale mgonjwa, popo wake wakamsindikiza. Chifu akafa, wao hawakuambiwa, mpaka leo wanamngoja atoke. Jioni wakiruka kwenda kula anga lote linajaa, na mate wa trotro, ndivyo wanavyomwita utingo, anaficha kichwa. Nilikaa pale jioni nyingi kuliko nilivyokaa maktaba.

Nusura nife pia pale pale 37. Ghana walihamia kuendesha kulia tarehe 4 Agosti 1974, na mimi nimekulia kushoto. Nilitazama upande niliofundishwa na mama, nikakanyaga lami, na lori likatokea upande mwingine. Dereva alinitukana kwa lugha tatu.

Nguo. Vijana walikuwa wanavaa suruali pana chini, bugaluu tulizoziita sisi, na viatu vya soli ndefu, raizoni. Lakini nguo nyingi za bei nafuu zilikuwa za mtumba, nazo waliziita "obroni wawu": mzungu amekufa. Maana mtu mwenye akili timamu, angali hai, atatupaje koti zima kama lile? Nilipolisikia jina hilo nilikaa chini. Si ndiyo sisi tulikuwa tunaita kafa Ulaya? Sikujua nimwandikie nani habari hiyo. Nilimwandikia mama.

Na mama ndiye aliyenipeleka Makola, kwa barua. Aliandika kwamba kama kule wanawake wanajifunga vitambaa, basi nimletee. Soko la Makola namba 1 lilijengwa mwaka 1924, na waliolishika walikuwa wanawake. Kila bidhaa ilikuwa na malkia wake, wa nyanya, wa viazi vikuu, wa vitambaa, na malkia ndiye aliyekuwa anaamua ugomvi na kujua mzigo uko wapi. Ukiingia upande wa vitambaa ulikuwa unaona kuta za rangi zilizokunjwa, kunjo juu ya kunjo mpaka juu ya kichwa, na muuzaji amekaa chini yake kwenye kigoda kidogo kama mlinzi wa msikiti. Harufu ya nta na wanga. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, tulimwita Anti kama kila mtu alivyomwita, nikamwomba kitambaa kizuri. Akanitazama. Kizuri cha kusema nini?

Nilishindwa kujibu, na hapo nilimpenda yule mama. Kumbe kila doa na kila mchirizi una jina, na jina ni methali. Akaanza kuvitoa kimoja kimoja akivipiga kofi. "Sika wo ntaban", pesa ina mbawa. Hicho kilikuwa na ndege wadogo. Kingine kinasema changarawe za nyumbani zikikuchoma zinauma kuliko za barabarani, maana yake ndugu. Kingine kifo kinabomoa nyumba. Na kimoja cha "Ahwene pa nkasa": ushanga mzuri haupigi kelele. Nikamwambia kwetu nasi nguo ya mama inasema, ila sisi tunaandika maneno yenyewe pale pindoni. Akaona ni uvivu. Mnaandika? Kwa hiyo mjinga naye anajua? Sijapata jibu la swali hilo mpaka leo.

Nilinunua yadi mbili za ushanga mzuri. Ilikuwa Februari 1979, na bei yake ilinikalisha na kenkey kavu wiki mbili.

Kwa maana hali ilikuwa mbaya, jamani. Nisiwadanganye kwa sauti tamu ya mzee anayekumbuka ujana. Sabuni hakuna, maziwa ya kopo hakuna, sukari unaisikia. Biashara ya chini ya meza ilikuwa na jina lake, kalabule. Wengine husema asili yake ni Kihausa, kumwambia mtu anyamaze nayo. Mtu akiwa na gari jipya, kalabule. Kenkey haikupanda bei kila siku, bali tonge lilikonda. Mama wa Okponglo alikuwa anatupa tonge dogo kama ngumi ya mtoto huku akiangalia pembeni, na sisi tunapokea tukiangalia pembeni vilevile.

Machi mwaka huo serikali ikabadilisha noti. Cedi kumi za zamani ulipewa saba mpya, na aliyezidisha elfu tano, kwa kile kilichozidi alipewa tano kwa kumi. Nilikuwa na cedi 200 ndani ya kitabu cha hesabu za vifo. Zikarudi 140. Mwezi uliofuata majeshi yetu yakaingia Kampala, na kila mtu wa Legon alinipa mkono wa pongezi kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza Amin, na mimi nikapokea. Halafu Juni 4 wanajeshi wa vyeo vya chini wakamtoa Rawlings, ofisa kijana wa jeshi la anga, kizuizini wakachukua nchi. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamewapiga risasi majenerali, wakiwemo watatu waliowahi kuwa wakuu wa nchi. Hayo mtayasoma kwenye vitabu. Mimi niliyoyaona ni askari sokoni wakilazimisha bei ya serikali, watu wakinunua mpaka meza zikabaki tupu, na kesho yake hakuna aliyeleta kitu.

Jumamosi, Agosti 18, wanajeshi waliilipua Makola. Wanawake wale ndio walioambiwa wameficha bidhaa za nchi nzima.

Nilikwenda Jumatatu. Vumbi la saruji lilikuwa bado hewani, na watu wanachimbua kifusi kwa mikono wakitafuta chochote, sahani, mita ya kitambaa, mguu wa kigoda. Anti nilimkuta upande wa Tudu, amekaa chini kando ya barabara na beseni la bati lenye maua. Ndani kulikuwa na sindano, uzi na viberiti vitano. Nilivihesabu, ndiyo kazi niliyosomea. Nikamsalimu, nikamuuliza vitambaa viko wapi. Akafikiri kidogo, kama anavyofikiri mtu anayechagua kwenye kunjo nyingi, akasema, "Sika wo ntaban." Kisha akacheka. Nami nikacheka, na sijui kwa nini tulicheka.

Pale palipokuwa soko pakaja kuwa maegesho ya magari. Watu wakapaita Rawlings Park.

Nilirudi nyumbani. Mwaka 1983 rafiki yangu wa Legon aliniandikia kwamba Nigeria imewafukuza Waghana zaidi ya milioni moja, ukame umekula mashamba, moto umekula mabaki, na mifupa ya shingoni mwao iliyochomoza sasa inaitwa mkufu wa Rawlings. Mimi nilisoma barua ile nikiwa kwenye foleni ya sukari. Huku ilikuwa ni msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na sisi wenyewe tulishakula unga wa njano wa msaada na kuuita unga wa Yanga. Ule mfuko mkubwa wa plastiki wa mirabaraba waliobebea vitu vyao wakifukuzwa, Wanigeria wameuita Ghana nenda zako. Waghana wenyewe waliupa jina lingine, "efiewura sua me": mwenye nyumba, nitwishe. Sisi ndio shangazi kaja. Mfuko mmoja, mmoja anafukuzwa, mmoja anahama kwa kodi, mmoja anakuja kukaa miezi mitatu.

Mama alikipokea kitambaa chake kwa mikono miwili. Nikamfasiria: ushanga mzuri haupigi kelele. Akakigeuza, akakitazama tena, akaniambia, "Mwanangu, huyo aliyesema hivyo hajawahi kuvaa ushanga." Dada zangu walitoka chumbani wakaenda kucheka uani. Lakini alikivaa, misiba na harusi, miaka ishirini.

Nimekuja nacho, kiko kwenye huu mfuko. Nitakipitisha mkishike. Kule wakisalimia kikao huanza na aliye kulia, kwa hiyo kianze huku kwako, bibi. Lile doa la pembeni ni la shito, chupa ilipasuka sandukuni. Mama alilifua mara nyingi, halikutoka.