Makofi Aliyopigiwa Maurice Boucher

Ndugu zangu, nianze na Diane Lavigne. Kila nikizungumzia magenge ya pikipiki ya Québec, Kanada, naulizwa habari za Maurice Boucher, kiongozi wa Hells Angels, na Diane hamna anayemjua. Alikuwa askari magereza, Montreal. Usiku wa Juni 26, 1997 alitoka zamu katika gereza la Bordeaux, sare bado mwilini, akaendesha gari kuelekea nyumbani. Pikipiki iliyobeba watu wawili ikamfikia ubavuni, wakammiminia risasi, akafa. Septemba wakamuua mwenzake, Pierre Rondeau, akiwa kwenye usukani wa basi la kubebea wafungwa.

Wana kosa gani hawa? Hawana! Genge lilipiga hesabu: kijana akishaua mtumishi wa serikali hatathubutu kugeuka shahidi, maana serikali haitapatana naye. Hesabu ikawaharibikia Desemba hiyohiyo. Stéphane Gagné, mmoja wa wauaji, alikamatwa na akasema yote: amri ilitoka kwa Boucher.

Novemba 1998 jopo la wananchi lililosikiliza kesi likamwona Boucher hana hatia. Jioni ileile akaenda kutazama ndondi, na ukumbi ukamshangilia. Ukumbi mzima wa watu wazima!

Najua kuna atakayesema, mwalimu, si mahakama ilimwachia? Ilimwachia, na kurudi kwake ilikuwa haki yake. Mtuhumiwa ni mtu asiye na hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Hilo nalitetea kila siku, hata kwa mtu nisiyempenda. Ninachouliza ni makofi yale yalikuwa ya nini. Wiki hiyo familia ya Diane ilikuwa inasoma magazeti yaleyale. Nani aliwashangilia wao? Na vijana waliokuwa wakimtazama bwana yule akiingia ukumbini walijifunza nini?

Rufaa sitaieleza kwa kirefu. Mwaka 2000 iliamriwa kesi isikilizwe upya, kwa kuwa jaji aliwaelekeza vibaya wanajopo juu ya ushahidi wa Gagné. Mei 2002 Boucher akatiwa hatiani, kifungo cha maisha. Alifariki 2022, bado mfungwa.

Daniel Desrochers, mtoto wa miaka 11 aliyeuawa na kipande cha bomu la gari 1995, nilitaka kumpa nusu saa. Mama yake alipiga kelele mpaka sheria ya magenge ikapitishwa 1997. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.